Mfupa wa Mzee Hauvunjwi na Ukosefu wa Vidonge

Desemba 2024 jopo la wataalamu wa kinga la Marekani, linalofahamika kwa kifupi USPSTF, lilitoa rasimu ya pendekezo ambalo wengi wamelisoma nusu. Jopo lilisema wanaume wa miaka 60 na kuendelea, pamoja na wanawake waliokoma hedhi, wanaoishi majumbani kwao, wasipewe vitamini D kwa lengo la kuzuia kuanguka wala kuvunjika mifupa, iwe peke yake au pamoja na kalsiamu. Mwezi uliofuata, Januari 2025, jopo hilohilo likatoa pendekezo kamili kuhusu upimaji: wanawake wote wenye miaka 65 na kuendelea wapimwe mifupa, na waliokoma hedhi wakiwa chini ya umri huo wapimwe iwapo wana vihatarishi. Pendekezo la kwanza limegeuzwa kuwa habari kwamba mifupa ya uzeeni haina dawa na kwamba madaktari walikuwa wakiuza matumaini miaka yote. La pili halitajwi sana, ingawa lenyewe linajibu upotoshaji huo: hakuna jopo lenye akili linaloagiza mamilioni ya watu wapimwe ugonjwa usiotibika.

Majaribio ya vitamini D yalijibu swali dogo, na yalilijibu vizuri, lakini swali hilo halikumhusu mzee aliye hatarini. Mfupa wa mzee huvunjika pale mambo mawili yanapokutana: mfupa uliopungukiwa nguvu, yaani osteoporosisi, na mwili ambao umedhoofu kiasi cha kushindwa kujizuia kuanguka. Yote mawili yana tiba iliyopimwa na kuthibitishwa. Tatizo kubwa ni kwamba tiba hiyo haianzishwi, hata kwa mtu ambaye tayari ameshavunjika mara moja na yuko wodini mbele ya macho ya kila mtu.

Tuanze na hayo majaribio. Mojawapo ya makubwa zaidi liliitwa VITAL, na matokeo yake kuhusu mifupa yalichapishwa Julai 2022. Watu 25,871, wanaume kuanzia miaka 50 na wanawake kuanzia 55, waligawanywa makundi mawili: moja likameza yuniti 2,000 za vitamini D3 kila siku, jingine likameza vidonge visivyo na dawa. Baada ya miaka 5.3 hivi, waliovunjika mfupa walikuwa 769 kati ya 12,927 kwa upande mmoja na 782 kati ya 12,944 kwa upande mwingine. Tofauti hiyo haina maana yoyote. Lakini angalia walioingizwa. Hawakuchaguliwa kwa sababu wana osteoporosisi, wala kwa sababu wana upungufu wa vitamini D. Wengi wao walikuwa nayo ya kutosha tangu mwanzo, na waliruhusiwa kuendelea kumeza hadi yuniti 800 zao wenyewe nje ya jaribio. Walichothibitisha ni kwamba kumwongezea vitamini mtu asiyepungukiwa hakuongezi kitu. Rasimu ya jopo nayo haikuwahusu wenye osteoporosisi wala wenye upungufu uliothibitishwa, sehemu ambayo husomwa mara chache.

Linganisha na jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 1992. Wanawake 3,270 wenye wastani wa miaka 84, wanaoishi katika makazi ya wazee, wasiopata jua la kutosha na wenye lishe duni, walipewa yuniti 800 za vitamini D3 na gramu 1.2 za kalsiamu kwa siku. Ndani ya miezi 18, waliomaliza tiba hiyo walivunjika nyonga kwa asilimia 43 pungufu. Vitamini ni ileile na kipimo ni kidogo zaidi, ila mwili uliokipokea ulikuwa na pengo la kuzibwa. Upande wa pili wa mizani, jaribio la Australia lililochapishwa mwaka 2010 liliwapa wanawake 2,256 wa miaka 70 na zaidi yuniti 500,000 kwa mkupuo mmoja kila mwaka. Wakaanguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko wenzao. Dozi moja kubwa inayodaiwa kumaliza kazi ya mwaka mzima ni ya kuepukwa, na inasikitisha kwamba bado wapo wanaoisifu kwa sababu tu ni rahisi kukumbuka.

Kwa hiyo msimamo wa busara kuhusu vidonge hivi ni mfupi. Mzee asiyetoka nje, mwenye lishe hafifu, au anayeishi katika makazi ya wazee apewe yuniti 800 hadi 1,000 kwa siku. Anayeanza dawa ya mifupa lazima upungufu wake urekebishwe kwanza. Kalsiamu jumla ya miligramu 1,000 hadi 1,200 kwa siku inatosha, na ihesabiwe kuanzia kwenye chakula. Kidonge kizibe pengo tu, kisizidi miligramu 500 kwa wakati mmoja, kwa kuwa utumbo haufyonzi vizuri zaidi ya hapo. Kalsiamu kaboneti imezwe pamoja na mlo, maana inahitaji asidi ya tumbo. Anayerundika vidonge juu ya chakula kilichokwisha kutosha anajiongezea hatari ya mawe ya figo.

Sasa mfupa wenyewe. Mfupa ni kitu hai: kuna seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa na seli zinazojenga mpya, na utu uzima wote ni mapatano kati ya hizo mbili. Homoni ya estrojeni huwashikilia wabomoaji. Hedhi inapokoma, wanaachiwa, na katika miaka michache ya mwanzo mfupa hupotea kwa kasi kuliko wakati mwingine wowote. Wanaume hawana mporomoko huo wa ghafla, ila nao hupungukiwa polepole, na wanapovunjika nyonga hufariki kwa kiwango kikubwa kuliko wanawake. Zipo njia za mkato za kufikia hapo pia: steroidi za kumeza kwa miezi mitatu au zaidi, dawa za kuzuia homoni katika saratani ya matiti na ya tezi dume, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, maradhi ya utumbo yanayozuia ufyonzaji, pombe nyingi, sigara. Ndiyo sababu aliyevunjika kwa kuanguka akiwa amesimama tu anastahili kipimo cha damu cha kalsiamu, figo, homoni za tezi, vitamini D na picha kamili ya damu, pamoja na kipimo cha protini za damu pale saratani ya uboho inaposhukiwa. Kudhani kila mfupa mwepesi ni wa uzee ni njia mojawapo ya kuchelewa kuigundua saratani hiyo.

Kipimo kinachotumika, DXA, ambacho ni eksirei ya kupima uzito wa mfupa, hutoa alama ya T inayomlinganisha mtu na kijana mwenye afya. Kwa vigezo vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 1994, alama ya -2.5 au chini yake ni osteoporosisi, na kati ya -1 na -2.5 ni upungufu wa wastani. Namba hiyo inaheshimiwa kupita kiasi. Zaidi ya nusu ya watu wazima wanaovunjika mifupa kwa kuanguka kidogo wana alama nzuri kuliko -2.5, kwa sababu rahisi ya hesabu: hatari yao mmojammoja ni ndogo, lakini wao ni wengi mno. Tena uti wa mgongo wenye mabadiliko ya uzee, au mshipa mkuu wa damu uliojaa chokaa mbele yake, huongeza namba kwa uongo, hivyo mtu mwenye pingili zilizobonyea anaweza kurudi nyumbani na karatasi ya kumpongeza. Vipimo vya kisigino vya mawimbi ya sauti, vinavyopendwa kwenye kambi za afya, vinaweza kuashiria nani apelekwe mbele, lakini havithibitishi ugonjwa wala havifuatilii tiba. Na mvunjiko wa nyonga au wa pingili uliotokana na kuanguka kidogo unatosha kuitwa osteoporosisi bila kusubiri namba yoyote.

Hapo ndipo kikokotoo cha FRAX, kilichotolewa mwaka 2008 na Chuo Kikuu cha Sheffield, kinasaidia: kinachanganya umri, uzito, mvunjiko uliopita, nyonga iliyovunjika ya mzazi, steroidi, sigara na mengineyo, kisha kinatoa uwezekano wa kuvunjika ndani ya miaka 10. Kina upungufu mmoja ambao kwa mada yetu ni mkubwa: kikokotoo cha awali hakiulizi mtu ameanguka mara ngapi. Kuna ishara nyingine isiyohitaji mashine. Aliyepungua sentimita 4 kutoka kimo chake cha ujanani, au sentimita 2 tangu alipopimwa mara ya mwisho, apigwe eksirei ya mgongo. Mivunjiko mingi ya pingili hutokea bila mtu kwenda hospitali. Huitwa maumivu ya mgongo, ikachuliwa, ikasahaulika. Na pingili moja iliyobonyea ni onyo kubwa kuliko alama yoyote ya T.

Hata hivyo mfupa dhaifu ukiachwa peke yake haujivunji nyonga. Kinachovunja nyonga ni kuanguka, hasa kuanguka kiubavu, pale mguu uliposhindwa kupiga hatua ya haraka ya kujiokoa na mkono ukachelewa kujikinga. Hapa tunaingia kwenye udhaifu wa uzeeni, ambao wengi huuchukulia kuwa sifa tu ya umri ilhali ni hali yenye vigezo. Linda Fried na wenzake walivipanga vitano mwaka 2001: kupungua uzito bila kukusudia (kilo 4.5 au asilimia 5 kwa mwaka), uchovu wa kudumu, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo wa polepole, na kujishughulisha kidogo. Mwenye vitatu au zaidi amedhoofika. Mwenye kimoja au viwili yuko njiani. Faida ya kuvitenganisha hivyo ni kwamba kila kimoja kina mlango wake wa kuingilia. Uzito unaopungua unataka kuangaliwa meno, umezaji, sonona, saratani na orodha ya dawa. Uchovu unataka damu, tezi na moyo. Nguvu na mwendo vinataka mazoezi.

Kupima hakuhitaji maabara. Mkalishe mzee kwenye kiti cha kawaida kilichoegemezwa ukutani, akunje mikono kifuani, asimame na kukaa mara tano mfululizo. Akizidi sekunde 15, au akishindwa bila kujisukuma kwa mikono, misuli ya mapaja imepungua kiasi cha kuhitaji hatua. Pima mwendo wake wa kawaida kwenye mita 4: akitumia sekunde 5 au zaidi, yaani mita 0.8 kwa sekunde au chini ya hapo, hiyo ni alama nyingine. Kipimo cha tatu ni kuinuka kitini, kutembea mita 3, kugeuka, kurudi na kuketi. Sekunde 12 au zaidi zinaashiria hatari ya kuanguka. Kisha shinikizo la damu, akiwa amelala kwanza, halafu ndani ya dakika 3 baada ya kusimama: namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, chanzo cha kuanguka huenda kiko kwenye pakiti ya dawa zake. Kazi yote hiyo huchukua robo saa. Mara nyingi haifanywi kwa sababu hakuna aliyekabidhiwa kuifanya.

Wapo wanaopinga, na hoja zao hazilingani uzito. Iliyo nyepesi kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi majumbani: uzee ni uzee, mwache apumzike. Mwaka 1990 Maria Fiatarone na wenzake waliwapa wazee 10 wa makazi ya wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi, wiki 8 za mazoezi mazito ya mapaja. Nguvu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Miaka minne baadaye wakarudia kwa watu 100 wenye wastani wa miaka 87, wakigawa baadhi mazoezi, baadhi kinywaji cha lishe, baadhi vyote viwili. Nguvu ilipanda kwa waliofanya mazoezi, asilimia 113. Waliopewa kinywaji bila mazoezi hawakufaidi. Pumziko nalo limepimwa. Wazee wenye afya waliolazwa kitandani siku 10 kwa ajili ya utafiti uliochapishwa mwaka 2007 walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Hao hawakuwa wagonjwa. Mwenye nimonia, anayekula kijiko kimoja na kukataa cha pili, hupoteza zaidi, na familia inayomzuia kunyanyuka kwa upendo inamsukuma kwenye kiti cha magurudumu.

Hoja ya pili ni ya hofu ya dawa, na hii inastahili kujibiwa kwa namba. Ni kweli kwamba bisfosfoneti, dawa zinazozuia ubomoaji wa mfupa kama alendroneti na asidi ya zoledroniki, zinaweza kusababisha mfupa wa paja kuvunjika kwa namna isiyo ya kawaida baada ya miaka kadhaa ya matumizi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2020 uliowafuatilia wanawake zaidi ya 196,000 ulikadiria kuwa kati ya kila wanawake 10,000 weupe waliotumia dawa miaka 3, mivunjiko 149 ya nyonga ilizuiwa na mivunjiko 2 ya paja ya aina hiyo ilitokea. Kwa wenye asili ya Asia ilikuwa 91 dhidi ya 8. Hatari ipo, haifanani kwa kila mtu, na huongezeka kadiri miaka inavyosonga, ndiyo maana matumizi hupitiwa upya baada ya miaka 5 ya vidonge au 3 ya dripu. Maumivu mapya ya paja au kinena kwa anayetumia dawa hizi ni ya kupigwa eksirei ya mapaja yote mawili siku hizohizo. Kuoza kwa mfupa wa taya nako ni nadra katika dozi za osteoporosisi. Picha za kutisha zinazozunguka kwa kawaida hutoka kwa wagonjwa wa saratani, ambao dozi zao ni kubwa na za mara kwa mara zaidi. Ng'oa jino bovu kabla ya kuanza, basi.

Upande wa faida, jaribio la mwaka 2007 kwa wanawake 7,765 lilionesha asidi ya zoledroniki, miligramu 5 mara moja kwa mwaka, ikipunguza mivunjiko ya pingili kwa asilimia 70 na ya nyonga kwa asilimia 41 ndani ya miaka 3. Jingine la mwaka huohuo, kwa watu 2,127 waliopewa dripu hiyo ndani ya siku 90 baada ya kurekebishwa nyonga, lilipunguza mivunjiko mipya kwa asilimia 35 na vifo kwa asilimia 28. Na anayesema bibi wa miaka 85 hatafaidi kwa sababu siku zake ni chache, ajue kwamba uchambuzi wa mwaka 2022 ulikuta bisfosfoneti huhitaji takriban miezi 12.4 kuzuia mvunjiko mmoja nje ya uti wa mgongo kwa kila wanawake 100 wenye ugonjwa. Asiyetarajiwa kuishi mwaka aachwe kwa amani. Wengine wengi wanaonyimwa kwa kisingizio cha umri wana muda huo na zaidi.

Hoja ya tatu ndiyo nzito, na watetezi wa mazoezi huikwepa. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2020 yalijaribu kuzuia madhara ya kuanguka kwa wazee wanaoishi majumbani. La Uingereza lilihusisha watu 9,803 wa miaka 70 na zaidi: kupelekwa kwenye mazoezi au kwenye tathmini ya vihatarishi hakukupunguza mivunjiko kuliko kutumiwa ushauri kwa posta. La Marekani, kwa watu 5,451, lilipunguza majeraha makubwa kwa asilimia 8 tu, kiwango kisichotofautika na bahati. Kwa nini basi tuendelee? Kwanza, kwa sababu muhtasari wa majaribio 108 uliotolewa mwaka 2019 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, unaonesha mazoezi hupunguza idadi ya maanguko kwa asilimia 23, na kwa asilimia 34 yanapochanganya usawaziko, kazi za kila siku na nguvu. Pili, katika mipango ile mikubwa wazee walipelekwa mbele kwa barua na rufaa, na dozi halisi ya mazoezi iliyofika mwilini ilikuwa ndogo. Lakini nakiri kwamba jibu hilo halimalizi mjadala. Kupunguza maanguko si lazima kupunguze mivunjiko kwa kiwango hichohicho, na hapo ndipo kosa la kutenganisha misuli na mfupa linapojitokeza: mazoezi peke yake hayatoshi kwa mwenye mfupa uliokwisha, na dawa peke yake haimwinui kitini anayeanguka kila mwezi.

Upimaji wa jumla nao una mipaka. Jaribio la Uingereza lililoitwa SCOOP, kwa wanawake 12,483 wa miaka 70 hadi 85, lilitumia FRAX kuchagua wa kupimwa na kutibiwa. Mivunjiko ya osteoporosisi kwa ujumla haikupungua kwa kiwango cha kuridhisha kitakwimu, ila ile ya nyonga ilipungua kwa asilimia 28. Ninaliona hilo kuwa sababu tosha, maana nyonga ndiyo inayoua: kati ya watu watano wanaoivunja, mmoja au zaidi hufariki ndani ya mwaka. Kwa wanaume jopo la Marekani lilisema ushahidi hautoshi. Ukosefu wa ushahidi wa kuwapima wote haumwondolei tiba mwanamume aliyekwisha vunjika au anayetumia steroidi.

Mazoezi yanayofaa yana sura yake. Kutembea pekee hakutoshi, na kwa aliyedhoofika kunaweza kudhuru: katika jaribio la Uingereza la mwaka 1997, wanawake waliowahi kuvunja mkono wakahimizwa kutembea kwa kasi walianguka zaidi. Nguvu na usawaziko vitangulie. Anza na kusimama kutoka kitini mara 8 hadi 12, seti 2 au 3, siku 2 au 3 kwa wiki. Mzee akifika 12 bila kuhema, punguza kimo cha kiti au mpe uzito wa kushika. Ongeza kupanda ngazi moja, kuinuka kwa vidole, kusukuma ukuta. Usawaziko ufanywe karibu na kitu cha kushika lakini bila kukishika: miguu pamoja, kisha mguu mmoja mbele ya mwingine, kisha mguu mmoja. Lengo ni karibu saa 3 kwa wiki, na zoezi lisilomtikisa kidogo halimfundishi kitu. Linaloharibika mara nyingi ni hili: mzee hupewa mazoezi yaleyale mepesi ya kukaa kwa miezi sita, kisha husemwa mazoezi hayakumsaidia. Ukali unaojenga mfupa ni mkubwa kuliko tunavyothubutu. Katika jaribio la Australia la mwaka 2018, wanawake 101 wenye mifupa iliyopungua waligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliinua vyuma vizito chini ya usimamizi, dakika 30 mara mbili kwa wiki kwa miezi 8, likaongeza uzito wa mfupa wa kiuno kwa asilimia 2.9 huku la pili, lenye mazoezi mepesi ya nyumbani, likipoteza 1.2. Neno la kuzingatia ni usimamizi. Mwenye pingili zilizobonyea asifanye mazoezi ya kukunja mgongo mbele wala kuokota mzigo kwa kuinama kiuno. Akunje nyonga na magoti.

Chakula kiende sambamba. Protini ya gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mwenye kilo 60, igawanywe katika milo yote badala ya kurundikwa usiku. Mwenye figo zilizochoka apate ushauri wake mwenyewe. Jaribio la makazi 60 ya wazee Australia, lililochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha watu 7,195, liliongeza maziwa, mtindi na jibini mpaka kalsiamu ikafika miligramu 1,142 na protini gramu 1.1 kwa kilo. Mivunjiko yote ilipungua kwa asilimia 33, ya nyonga kwa 46, maanguko kwa 11. Vidonge vya vitamini katika majaribio niliyotaja havikufikia hapo, na huenda ni kwa sababu chakula kilitibu mfupa na msuli kwa pamoja.

Katika dawa, makosa mengi ni ya namna ya kutumia. Alendroneti, miligramu 70 kwa wiki, hufyonzwa chini ya asilimia 1 hata ikimezwa vizuri, kwa hiyo imezwe asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa glasi nzima ya maji matupu. Ikinywewa na chai, maziwa au pamoja na kalsiamu, ni sawa na kutokunywa. Baada ya hapo mzee akae wima au asimame dakika 30 bila kula wala kulala; akilala, kidonge huunguza umio, naye ataiacha dawa na kuilaumu. Asiyeweza kukaa wima, mwenye shida ya kumeza, au anayesahau apewe dripu ya mwaka, ikiwa figo zinaruhusu (uchujaji wa figo ukiwa chini ya mililita 35 kwa dakika, kidonge na dripu vyote haviruhusiwi). Homa na maumivu ya mwili ya siku mbili tatu baada ya dripu ya kwanza ni ya kawaida na hutulizwa kwa parasetamoli.

Denosumabu, sindano ya miligramu 60 kila miezi 6, inahitaji onyo lake peke yake. Ni dawa nzuri, lakini haikai mfupani. Ikicheleweshwa kupita mwezi wa saba, au ikiachwa bila bisfosfoneti ya kuipokea, wabomoaji hurudi kwa nguvu na pingili kadhaa zinaweza kubonyea kwa mfululizo. Asiye na uhakika wa kupata sindano inayofuata kwa wakati asianzishiwe. Januari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliongeza onyo kali kwa wenye ugonjwa mkubwa wa figo, hasa wanaosafishwa damu, kwa sababu kalsiamu yao inaweza kushuka kiasi cha kuua. Kwa aliye katika hatari kubwa mno, mwenye pingili kadhaa au mvunjiko wa hivi karibuni, dawa zinazojenga (teriparataidi au romosozumabu) hutangulia, kisha hufuatwa na dawa ya kuhifadhi. Zikiachwa bila mrithi, kilichojengwa hupotea. Romosozumabu haimfai aliyepata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya mwaka uliopita.

Yako pia mambo madogo yenye tija kuliko gharama zake: kupunguza dawa za usingizi polepole badala ya kuzikata ghafla, kutoa mtoto wa jicho la kwanza mapema (jaribio la mwaka 2005 kwa wanawake wa zaidi ya miaka 70 lilipunguza maanguko kwa asilimia 34), kuondoa miwani yenye lenzi mbili anapotembea nje, taa ya njia ya chooni, na kumfundisha mzee kujiinua sakafuni, kwa sababu anayelala chini saa nyingi akisubiri msaada huumia kwa kulala huko kuliko kwa kuanguka.

Kinachobaki ni mpangilio wa kazi. Daktari wa upasuaji hurekebisha nyonga, mtu wa plasta hufunga kifundo cha mkono, na daktari wa kawaida husubiri barua isiyokuja. Mwaka 1999 Glasgow ilianza utaratibu wa kumweka mhudumu mmoja ambaye kazi yake ni kumtafuta kila mwenye miaka 50 na kuendelea aliyevunjika, kumpima, kumwanzishia tiba na kumfuatilia. Tangu mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Osteoporosisi limekuwa likihimiza hospitali kuuiga. Hautaki mashine mpya, unataka jina la mtu. Pale ambapo jina hilo halipo, ndugu waulize kabla mgonjwa hajaruhusiwa: nani atapima kwa nini mfupa umevunjika, dawa gani inaanza na tarehe ipi, mazoezi yanaanza lini na nani anayaongoza. Hatari ya mvunjiko wa pili ni kubwa zaidi katika miaka miwili ya mwanzo, hivyo miadi ya miezi sita ijayo tayari imekula robo ya muda huo.